Wasiwasi Usio Akili: Kumtafuta Mtaalamu wa OCD

Sala ya adhuhuri imekwisha, watu wametawanyika, na kijana mmoja bado ameinama kwenye bomba la msikiti. Mkono wa kulia ameuosha mara tatu kama Sunna inavyotaka, akaongeza ya nne, kisha akapoteza hesabu na kuanza upya. Mkono umelowa hadi kiwiko, na anauona umelowa. Lakini ndani kuna swali linalomwuliza kama ana hakika, na kila akijibu kwamba anayo, swali linarudi likiwa kali zaidi. Mtaa wa pili, mama mmoja amegeuka njiani mara ya tatu kwenda kuangalia kama mtungi wa gesi umefungwa. Mwingine, aliyejifungua mwezi uliopita, amefungia visu vyote vya jikoni kabatini na kumkabidhi mama mkwe ufunguo. Wazo la kumchoma mwanawe lilimjia ghafla akiwa anamnyonyesha, na tangu siku hiyo halijamwacha.

Nimewachora watu watatu, lakini ugonjwa wao ni mmoja. Madaktari huuita kwa herufi tatu, OCD: mawazo king'ang'anizi yanayoingia bila kualikwa, na vitendo ambavyo mtu hulazimika kuvirudia ili ayatulize. Waswahili husema wasiwasi ndiyo akili, maana mwenye tahadhari haanguki ovyo. Kwa watu hawa msemo umepinduka. Wasiwasi uliopaswa kuwa mlinzi wa nyumba umekuwa mwenye nyumba.

Watu kama hawa wakiamua kutafuta tiba, wampate wapi mtu wa kuwatibu, na watamjuaje? Jibu la haraka ni kwamba wataalamu ni wachache, na ni kweli. Lakini uchache ni nusu ya jambo. Nusu ya pili haisemwi sana: mtaalamu mpole, msomi na mwenye nia njema anaweza kuukuza ugonjwa huu kwa kufanya kile kile kinachofaa katika shida nyingine nyingi, yaani kumtuliza mgonjwa. Ndiyo maana anayetafuta tiba ya OCD anapaswa kuuliza "anatibu vipi?" kabla ya kuuliza "ni nani?"

Mkopo juu ya mkopo

OCD si kupenda usafi, wala si mazoea ya kupanga viatu mlangoni. Mpenda usafi hufurahia kazi yake akimaliza. Mgonjwa wa OCD hamalizi. Huanza na wazo linalomtisha: nimeshika najisi, nimeacha moto, nitamdhuru mtoto, nimemkufuru Mungu. Wazo huleta hofu. Hofu humsukuma afanye kitu cha kuiondoa: kunawa, kukagua, kuhesabu, kusali upya, kuomba msamaha, kumwuliza mume au mama, "Una hakika?" Kikishafanyika, hofu hushuka. Hushuka kweli, na hapo ndipo penye mtego. Ubongo hujifunza kwamba hatari ilikuwepo na kwamba kunawa ndiko kulikookoa. Kesho wazo litarudi na kudai zaidi. Ni kama mtu anayelipa mkopo wa simu kwa kuchukua mkopo mwingine: leo anapumua, lakini deni linanenepa.

Vitendo vyenyewe si lazima vionekane. Wako wanaorudia dua moyoni mara mia, wanaokariri maneno ili kufuta wazo baya, wanaoyapitia matukio ya jana saa nzima kuhakikisha hawakumkosea mtu. Huyu anaweza kukaa nawe sebuleni mkinywa chai usijue kwamba ndani yake kuna kazi inayoendelea. Na mawazo yenyewe mara nyingi ni ya aibu: ya ngono, ya kufuru, ya kumwua umpendaye. Humsumbua mgonjwa kwa sababu yanapingana na kila anachokithamini. Mama wa visu hataki kumdhuru mwanawe. Ameficha visu kwa sababu hataki.

Tafiti za nchi mbalimbali zinakadiria kwamba watu kama 2 hadi 3 katika kila 100 hupata OCD wakati fulani wa maisha yao. Kwa kawaida huanza utotoni, ujanani au kabla ya miaka ya thelathini, na wengi hukaa miaka mingi kabla ya kupata tiba inayofaa. Kipimo cha kawaida cha kutambua kwamba mazoea yamekuwa ugonjwa ni muda na madhara: je, yanakula zaidi ya saa moja kwa siku, au yanaharibu kazi, masomo, ibada au ndoa? Mwaka 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliutoa ugonjwa huu katika kundi la magonjwa ya hofu na kuupa sura yake wenyewe, na orodha mpya ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika mwaka 2022, ikafanya hivyo hivyo. Maana yake kwa mgonjwa ni hii: mtaalamu anayejua kutibu hofu za kawaida si lazima ajue kutibu OCD.

Milango inayobishwa kwanza

Kwetu mgonjwa wa OCD haanzii kwa daktari wa akili. Mwenye kunawa sana huanzia kliniki ya ngozi, maana mikono imepasuka na kuwasha kwa sabuni na dawa za kuua vijidudu. Atapewa mafuta ya kupaka, na mafuta hayatibu kinachoipeleka mikono bombani. Mwenye mawazo ya kufuru huenda kusomewa au kuombewa. Wengine hupelekwa kwa mganga, na wakitoka huko wameongezewa hofu mpya, kwamba kuna mtu amewatupia kitu.

Ni rahisi kuibeza milango hii, lakini upande wa dini unastahili kutazamwa kwa makini zaidi, kwa sababu neno lenyewe wasiwasi lilitufikia kupitia Kiarabu likiwa na maana hiyo hiyo: mnong'ono unaotia shaka. Wanazuoni wa Kiislamu waliujua ugonjwa huu mapema. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu cha afya ya mwili na nafsi ambamo aliutengea wasiwasi sehemu yake, mbali na huzuni na woga. Ibn Qudama, aliyefariki mwaka 1223, aliandika kitabu kizima cha kuwakemea wanaorudia udhu na nia bila kikomo. Na Ibn Hajar al-Haytami, mwanachuoni wa karne ya 16 wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani yetu, alipoulizwa dawa ya wasiwasi alijibu kwamba ni kuupuuza kabisa, hata shaka ikiwa kubwa namna gani. Kanuni ya fiqhi nayo inasema yakini haiondolewi na shaka.

Kwa Wakristo historia ni hiyo hiyo. Ignatius wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti, alipokuwa Manresa, Hispania, mwaka 1522, aliteswa na haja ya kuungama tena na tena dhambi alizokwisha kuungama. Kanisa Katoliki lilikuja kuwa na mafundisho marefu juu ya dhamiri yenye mashaka ya kupita kiasi, na shauri lake kuu ni kwamba mtu huyo amtii padri mmoja na asirudie maungamo.

Kwa hiyo sheikh au padri anayejua elimu yake anaweza kuwa daraja. Akimwambia kijana wa bombani, "Udhu wako umetimia, usirudie, na ukirudia unakosea," amemfungulia njia ya tiba. Hatari iko kwa yule anayejibu swali lile lile kila siku kwa upole usioisha, au anayemzidishia mgonjwa nyiradi za kukariri hadi nyiradi zenyewe zikawa vitendo vipya vya kujirudia.

Bomba lililofungwa London

Hadi miaka ya 1960 OCD ilihesabiwa kuwa ugonjwa sugu. Wagonjwa walizungumza na madaktari kwa miaka juu ya utoto wao, wakaelewa mengi, na wakaendelea kunawa. Mwaka 1966 mwanasaikolojia Victor Meyer wa hospitali ya Middlesex, London, alichapisha taarifa ya wagonjwa wawili aliowatibu kwa namna tofauti. Aliwakutanisha na vitu walivyoviogopa, kisha wauguzi wakawazuia wasifanye vitendo vyao vya kujituliza, hata bomba la maji chumbani likafungwa. Hofu ilipanda, ikafika kileleni, kisha ikaanza kushuka yenyewe bila kunawa. Kufikia mwaka 1974 yeye na wenzake walikuwa wametibu wagonjwa 15, na 10 kati yao walikuwa wamepata nafuu kubwa au kupona kabisa.

Watafiti waliofuata, kama Stanley Rachman na Isaac Marks huko Uingereza na Edna Foa huko Marekani, waliiboresha njia hiyo. Leo hakuna anayefungiwa bomba kwa nguvu. Mgonjwa mwenyewe hukubali kila hatua. Tiba hii tunaweza kuiita kukabili na kujizuia. Mgonjwa na mtaalamu huandika ngazi ya vitu vinavyotisha, kuanzia kinachotisha kidogo hadi kikubwa, kisha huipanda kidato kimoja kimoja. Kijana wa bombani atatia udhu kwa kopo moja la maji. Imepokewa kwamba Mtume alitosheka na kiasi cha kibaba kimoja, nacho hakifiki lita. Ataosha bila kurudia, ataingia kusali na shaka yake, na hataikata sala. Mama wa gesi atafunga mtungi mara moja, ataondoka bila kugeuka, na hatampigia simu binti yake kumwomba akaangalie. Mama wa visu atafungua kabati, atachukua kisu na kukata mchicha mtoto akiwa amelala kando yake.

Lengo si kumthibitishia mgonjwa kwamba hakuna hatari. Lengo ni ajifunze kwamba anaweza kuishi bila hakika ya asilimia mia, kama watu wengine wote wanavyoishi. Matibabu ya kawaida huchukua vikao kama 12 hadi 20, pamoja na mazoezi ya kila siku nyumbani. Tiba hii si rahisi, na wako wanaoikataa au kuiacha katikati. Lakini miongoni mwa wanaoikamilisha, takriban nusu hadi theluthi mbili hupata nafuu kubwa. Huko Bergen, Norway, wataalamu wameibana hata ikakamilishwa kwa siku 4 mfululizo.

Dawa nazo zina nafasi yake. Klomipramini ndiyo kongwe, na kwa miaka mingi imekuwa katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani kwa ajili ya ugonjwa huu hasa. Baada yake zilikuja fluoksetini, setralini, fluvoksamini na paroksetini. Mambo matatu mgonjwa ayajue. Kwanza, OCD mara nyingi huhitaji dozi kubwa kuliko sonona: aliyeambiwa fluoksetini ya miligramu 20 haikumfaa huenda hakufikishwa kwenye kiwango chake. Pili, dawa huchukua wiki 8 hadi 12 kuonyesha kazi yake, kwa hiyo kuiacha baada ya wiki 3 ni kuiacha kabla haijaanza. Tatu, si kila dawa ya kutuliza ni dawa ya OCD. Diazepamu hulegeza hofu ya usiku mmoja na huweza kuleta uraibu, wala amitriptilini si mbadala wa klomipramini ingawa ni za ukoo mmoja. Kupandisha dozi na kuiacha, vyote viwe mikononi mwa daktari, hasa kwa vijana, ambao huhitaji kuangaliwa kwa karibu wiki za mwanzo.

Wema unaoulisha ugonjwa

Tunaweza sasa kurudi kwenye dai la mwanzo, kwamba mtaalamu mpole anaweza kuukuza ugonjwa. Fikiria mama wa visu amempata mshauri nasaha mzuri. Anaingia analia. Mshauri anamwambia, "Mama, wewe ni mzazi mwema, huwezi kumdhuru mwanao." Mama anatoka mwepesi kama aliyetua mzigo. Usiku wazo linarudi: na kama mshauri hakunielewa? Wiki ijayo anarudi kuuliza tena. Baada ya miezi sita amekwisha kulipia vikao 24, anampenda mshauri wake, na visu bado viko kabatini. Kile kikao kimekuwa bomba lake la maji.

Njia nyingine zenye sifa njema hukwama hapo hapo. Kumfundisha mgonjwa kupumua taratibu kila wazo linapokuja humpa kitendo kipya cha kujituliza. Kumwambia alisukume wazo mbali hulifanya lirudi kwa kasi, maana ukiambiwa usimfikirie tembo utamwona tembo. Kuchimba utotoni kunaweza kueleza mengi juu ya mtu, lakini hakujaonekana kuvunja mzunguko huu. Si kwamba washauri hawa ni wabaya. Walifundishwa kufariji, na OCD ndio ugonjwa unaojilisha kwa faraja.

Kuna kosa la upande wa pili, nalo ni zito zaidi. Mhudumu asiyeujua ugonjwa akisikia "nawaza kumchoma mwanangu" anaweza kudhani amekutana na mtu hatari au aliyerukwa na akili, akataka mtoto atolewe au mama alazwe. Daktari anayejua huuliza: wazo hili unalichukia au unalikubali? Unalikimbia au unalipangia? Unasikia sauti? Unaamini mambo ambayo wengine hawayaoni? Mwenye OCD hulichukia wazo lake na kulikimbia. Mwenye saikosisi ya uzazi, yaani aliyerukwa na akili baada ya kujifungua, anaweza kuliamini, na huyo huhitaji hospitali siku hiyo hiyo. Kutofautisha wawili hawa ni kazi ya daktari, si ya jirani.

Nani ni nani, na wako wapi

Vyeo vinachanganya. Daktari wa magonjwa ya akili amesomea udaktari kwanza, kisha akabobea. Ndiye anayetambua ugonjwa na kuandika dawa. Mwanasaikolojia tiba amesomea saikolojia ya kutibu hadi shahada ya uzamili au zaidi. Haandiki dawa, lakini ndiye mwenye uwezekano mkubwa wa kufundishwa kukabili na kujizuia. Mshauri nasaha anaweza kuwa na shahada au cheti cha miezi michache, na kazi yake nyingi ni ya ndoa, msiba, virusi vya Ukimwi na ulevi. Cheo peke yake hakitoshi, kwa sababu hata wa cheo cha juu anaweza kuwa hajawahi kutibu OCD kwa mazoezi.

Takwimu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2020 zilionyesha kwamba kanda ya Afrika ilikuwa na wahudumu wa afya ya akili 1.6 kwa kila watu 100,000, wakati kiwango cha kati cha dunia kilikuwa 13. Walioko wamejazana mijini. Tanzania, pa kuanzia ni idara za afya ya akili za Muhimbili jijini Dar es Salaam, KCMC Moshi na Bugando Mwanza, au hospitali ya Mirembe huko Dodoma. Unguja kuna Kidongo Chekundu. Kenya kuna Mathari jijini Nairobi, hospitali ya Moi huko Eldoret, na upande wa pwani huduma za Mombasa. Uganda kuna Butabika, Rwanda kuna Ndera, na Goma kuna kituo cha Tulizo Letu. Watu wengi huyaogopa majina haya, maana mtaani yamekuwa matusi. Lakini kliniki za wagonjwa wa nje si wodi za kulaza, na anayekwenda na OCD kwa kawaida hurudi kwake siku hiyo hiyo. Hospitali zinazofundisha zina faida nyingine: zina wanafunzi wa uzamili na walimu wao, na swali gumu likimshinda mmoja liko karibu na mwingine.

Usajili uulizwe pia. Kenya ina Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, inayowataka wenye kazi hiyo wasajiliwe na bodi yao. Madaktari wana mabaraza yao katika kila nchi. Anayekataa kukuonyesha namba yake ya usajili amekwisha kukujibu.

Kwa Mswahili aliye ughaibuni njia hutofautiana. Aliyeko England anaweza kujiandikisha mwenyewe kwenye huduma ya tiba za mazungumzo ya serikali bila barua ya daktari, na ana haki ya kuomba mkalimani. Tangu mwaka 2005 mwongozo wa huko umeitaja tiba ya kukabili na kujizuia kwa jina, kwa hiyo anayeiomba haombi upendeleo.

Maswali ya siku ya kwanza

Kwetu kumhoji daktari huonekana utovu wa adabu. Mtu hukaa mbele ya meza, huitikia "ndiyo, daktari", kisha huenda kuuliza jirani. Adabu na maswali vinaweza kukaa pamoja. "Shikamoo daktari. Samahani, kabla hatujaanza naomba nielewe tutatibu kwa njia gani." Mtaalamu mzuri atalifurahia swali hilo. Yafuatayo ndiyo ya kuuliza, na majibu ya kutegemea.

Uliza kwanza: umewahi kutibu watu wenye tatizo hili, na uliwatibu vipi? Jibu zuri lina mifano bila majina, na lina vitendo ndani yake. "Tunazungumza tu, utajisikia vizuri" si jibu.

Pili: je, tutafanya mazoezi ya kukabili ninachokiogopa, na nitapewa kazi ya nyumbani? Anayejua atakueleza ngazi, atasema nani anachagua kidato cha kwanza, na huenda akasema mtatoka pamoja hadi jikoni, sokoni au kwenye bomba. Anayesema utaviacha vitendo vyako mara moja kwa nia thabiti hajui ugonjwa huu.

Tatu, na hili ndilo zito: nikikuuliza kila wiki kama nitamdhuru mtoto, utanijibu nini? Jibu linalotakiwa huudhi kidogo: "Nitakujibu mara moja tukiwa tunaelezana ugonjwa. Baada ya hapo sitakujibu, na nitakusaidia kubaki na shaka hiyo."

Nne: tutajuaje kama napona? Wataalamu wengi hutumia kipimo cha Yale-Brown, kilichochapishwa mwaka 1989, chenye maswali 10 na alama 0 hadi 40. Aliyeanza na 28 akiwa na 14 baada ya miezi 4 anaona njia. Aliyebaki palepale baada ya vikao 10 ana haki ya kuuliza kwa nini, na ya kuondoka.

Tano: imani yangu itakaaje? Tiba nzuri haimlazimishi Mwislamu kusali na najisi anayoijua wala Mkristo kukufuru. Inamrudisha kwenye ibada kama waumini wengine wanavyoifanya. Mtaalamu anayekubali kuzungumza na sheikh au padri wako, kwa idhini yako, amekwisha kuelewa nusu ya kazi. Anayeicheka dini yako utamficha mambo, na ukificha hutapona.

Mwisho ni bei na siri: kikao ni kiasi gani, kinachukua dakika ngapi, nani atasoma faili langu? Heri vikao 12 vyenye mpango kuliko mwaka mzima wa mazungumzo yasiyo na mwisho.

Mtaalamu asipokuwepo

Kwa aliyeko Mtwara, Lodwar au Kalemie maswali haya yanaweza kuonekana anasa. Hata hivyo kuna njia tatu. Ya kwanza ni simu. Kukabili na kujizuia kwa njia ya video kumepimwa na kuonekana kufaa, na kuna ubora wake wa kipekee: mtaalamu yuko mbali, lakini mgonjwa yuko jikoni kwake penyewe, mbele ya mtungi wake wa gesi. Ya pili ni daktari wa kawaida wa wilaya, anayeweza kuanzisha dawa kwa kushauriana na bingwa wa rufaa. Ya tatu ni kumpata mwanasaikolojia au mshauri aliye karibu ambaye hajawahi kutibu OCD lakini yuko tayari kujifunza na kusimamiwa na aliyebobea. Mnyenyekevu wa namna hii ni bora kuliko bingwa asiyeulizika. Miongozo ya tiba hii imeandikwa hatua kwa hatua.

Familia nayo iwe sehemu ya tiba, maana katika nyumba zetu mgonjwa haishi peke yake. Mume anayekwenda kuangalia gesi kwa niaba ya mkewe, dada anayejibu "una hakika?" mara ishirini kwa siku, mama mkwe anayetunza ufunguo wa visu: wote wanafanya hivyo kwa mapenzi, na wote wamekuwa watumishi wa ugonjwa. Wasiache kwa ghafla wala kwa kumkemea mgonjwa. Wakubaliane naye, na ikiwezekana mbele ya mtaalamu, kwamba kuanzia siku fulani jibu litakuwa, "Hilo ni swali la wasiwasi, na tulikubaliana silijibu." Na mgonjwa akisema anataka kufa, mambo haya yote yasubiri, apelekwe hospitali siku hiyo.

Msomaji uliyejiona katika makala haya, pima kikao chako cha kwanza hivi. Ukitoka umetulia kabisa kwa sababu umehakikishiwa kwamba hakuna baya litakalotokea, endelea kutafuta. Ukitoka na karatasi yenye ngazi, kidato cha kwanza kimepigwa mstari, na zoezi la kufanya kabla ya Jumatano, rudi kwa huyo.